Safari Yetu ya Mosoriot: Je, Habari za Mama Zinafika Aendako?

Ukitoka Eldoret kwa barabara iendayo Kapsabet, unaupita uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 1997, kisha barabara inakata katikati ya mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Baada ya kilomita 25 hivi unafika Mosoriot, katika kaunti ya Nandi. Si mji mkubwa. Una maduka, chuo cha ualimu, na hospitali ambayo wazee wa hapo waliijua tangu ilipokuwa kituo cha afya tu. Mpita njia hawezi kudhani kwamba mahali hapa pana jambo la kujivunia mbele ya madaktari wa dunia nzima. Lakini ndipo hapa, mwezi wa Februari 2001, habari za wagonjwa wa nje zilipoanza kuingizwa katika kompyuta, wakati ambapo vituo vya afya vya mashambani karibu vyote katika Afrika yetu vilitegemea daftari na kalamu.

Tulikuwa akina mama wanne, sote wauguzi, sote tukijitolea katika kamati ya afya ya kanisa letu mjini Nakuru. Tuliondoka alfajiri kwa matatu, tukapanda milima hadi baridi ya Timboroa ikatulazimisha kujifunika leso mabegani, tukavuka mstari wa Ikweta, na kabla ya saa sita mchana tukawa Eldoret. Wenyeji wa siku nyingi bado huuita mji huo "Sitini na Nne". Sababu yake ni kwamba mji ulijengwa juu ya shamba lililoandikwa namba 64 katika vitabu vya serikali ya wakoloni. Tulicheka tukasema, kumbe namba moja ya rejista yaweza kudumu kuliko majina mengi ya watu!

Tulikuwa na sababu nzito ya kwenda Mosoriot, nayo haikuwa ya kucheka.

Mashine mbili zilizojua, na mama asiyeambiwa

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu alipata mimba ya kwanza. Alihudhuria kliniki vizuri. Damu yake ilipimwa ikaonekana ni kundi O, Rhesus hasi, na jambo hilo likaandikwa katika kompyuta ya kliniki na katika kijitabu chake. Mvua kubwa ya mwaka huo iliingia nyumbani, kijitabu kikaoza. Alipokaribia kujifungua alikwenda kwa mama yake mzazi, mbali na kliniki ile, na uchungu ukamshika huko. Alijifungua salama katika hospitali nyingine, nayo pia ilikuwa na kompyuta.

Kule kliniki aliandikishwa kwa jina la baba yake. Kule hospitali aliandikishwa kwa jina la mume. Damu ilichukuliwa tena ikapimwa, lakini majibu yalitoka akiwa ameshapewa ruhusa ya kwenda nyumbani, nayo yakabaki katika mashine. Mwanamke mwenye damu ya Rhesus hasi akizaa mtoto mwenye Rhesus chanya anatakiwa kuchomwa sindano ya anti-D katika saa 72 baada ya kujifungua, ili mwili wake usijifunze kupigana na damu ya watoto wajao. Hakuchomwa sindano hiyo. Mtoto wa kwanza alikua bila shida. Wa pili alizaliwa na upungufu mkubwa wa damu na manjano kali. Hakumaliza wiki.

Tulikaa na mama huyo siku za matanga. Alituuliza swali ambalo hatukuweza kulisahau: "Kama walijua huku, na wakajua kule, mbona mimi sikuambiwa?"

Hilo ndilo swali lililotupeleka Mosoriot. Watu wengi hudhani kwamba kompyuta ikishaingia hospitalini, mambo yamekwisha. Lakini kuandika ni jambo moja, na habari kumfikia anayezihitaji ni jambo jingine.

Karatasi moja badala ya daftari nyingi

Muuguzi yeyote wa rika letu anazikumbuka daftari kubwa za zamani. Mgonjwa mmoja aliandikwa mlangoni, akaandikwa chumba cha daktari, akaandikwa maabara, akaandikwa dirisha la dawa. Mwisho wa mwezi mtu alikaa na daftari hizo zote akihesabu mistari kwa kidole ili apeleke ripoti wilayani. Na mgonjwa akirudi baada ya miezi mitatu, nani angefunua kurasa zote hizo kumtafuta?

Waliobadilisha jambo hilo Mosoriot walikuwa watu wa Chuo Kikuu cha Moi, akiwamo Joseph Rotich, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, akiwamo William Tierney, na daktari Terry Hannan kutoka Australia. Ushirikiano wa Moi na Indiana ulianza karibu mwaka 1990, wakati shule ya udaktari ya Eldoret ilipokuwa changa. Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Mgonjwa alipofika aliandikishwa katika kompyuta, akapewa karatasi moja. Karatasi hiyo alitembea nayo kwa muuguzi, kwa mganga, maabara na kwenye dawa, na kila mmoja akaandika sehemu yake. Mwishoni karatasi ilirudi, habari zake zikaingizwa katika kompyuta. Kwa kuwa umeme wa mashambani hauaminiki, waliweka na mitambo ya akiba ya umeme.

Katika miezi sita ya kwanza ziliingizwa habari za mahudhurio 10,000 ya wagonjwa 6,190. Kisha walipima saa, kabla na baada. Waligundua kwamba muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003. Mama aliyeacha mtoto kwa jirani na ng'ombe bila maji anajua maana ya kurudi nyumbani mapema.

Hata hivyo tusifiche kitu. Upimaji huo huo ulionyesha kwamba muda wa mgonjwa kukaa na wahudumu nao ulipungua, kwa zaidi ya nusu. Hapo sisi wauguzi tulitazamana. Dakika zinazookolewa kwenye kuandika zinafaa zimrudie mgonjwa, kwa kumtazama usoni na kumweleza majibu yake. Kompyuta haitamweleza.

Mbegu iliyoota ikavuka mipaka

Mwaka huo huo wa 2001 ulianza mpango wa AMPATH wa kutibu watu wenye virusi vya Ukimwi, na Mosoriot ikawa miongoni mwa kliniki zake za kwanza. Wagonjwa wakaongezeka haraka kuliko ilivyodhaniwa, na programu ile ndogo ikaelemewa. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret, wakaona kwamba kuiongezea viraka hakutasaidia. Wakiungana na Hamish Fraser, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la Partners In Health, walibuni programu mpya iitwayo OpenMRS. Uamuzi wao mkubwa ulikuwa kuitoa bure, ili nchi yoyote iichukue na kuirekebisha ipendavyo.

Mwezi wa Februari 2006 OpenMRS ilianza kutumika Eldoret. Mwaka huo huo ikaanza Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, na pia Afrika Kusini. Baadaye Kenya ilijenga juu yake mfumo wa KenyaEMR, ulioanza mwaka 2012 katika kliniki za virusi vya Ukimwi. Basi mama anayehudumiwa katika kliniki inayotumia mfumo huo anakula tunda la mti uliochipua pande hizi za Eldoret na Mosoriot.

Pale hospitalini tuliketi kwenye benchi pamoja na akina mama waliokuja na watoto. Tulisalimiana, "Chamgei!", nao wakatujibu kwa furaha. Wengi walikuwa wamefunga kijitabu cha kliniki ndani ya leso, kama mtu anavyofunga pesa. Tulimwuliza mmoja ameandikishwa kwa jina gani. Akacheka, akasema, "Lipi kati yao? La ubatizo, la nyumbani, ama la mzee?"

Tulicheka naye. Lakini swali lake ndilo la kwanza ambalo mashine yoyote inalazimika kulijibu.

Wimbo namba ngapi?

Tukiwa tunakunywa chai na maziwa ya mursik katika hoteli ndogo kando ya barabara, tulijaribu kuelezana kwa maneno ya jikoni kwa nini kompyuta mbili zaweza kukaa katika kaunti moja bila kusemezana. Mmoja wetu, aliye mwimbaji wa kwaya, ndiye aliyetufungulia.

Alisema: Fikirini makanisa mawili yamekutana kwa ibada ya pamoja. Kiongozi anasema, "Tuimbe namba 50." Kanisa moja lafungua kitabu chake na kuanza wimbo wa shukrani. Kanisa la pili lafungua kitabu chake na kuanza wimbo wa mazishi. Wote wametii, wote wamefungua namba 50, lakini ni kelele tupu. Kwa nini? Vitabu ni viwili. Namba bila kitabu kimoja haina maana.

Ndivyo ilivyo hospitalini. Ili habari za mama zitoke mashine moja hadi nyingine zikiwa na maana ile ile, pande zote mbili zinatakiwa kukubaliana mambo matatu.

Jambo la kwanza ni huyu mama ni nani. Majina hayatoshi, kwani wako akina Mary Chebet wengi, na kila mmoja ana majina matatu. Ndiyo maana mgonjwa hupewa namba yake peke yake. Programu kama OpenMRS zaweza kuongeza tarakimu moja mwishoni, inayopatikana kwa kuzikokotoa zile nyingine. Karani akikosea tarakimu moja, hesabu haikubali na mashine inakataa namba hiyo. Kwa njia hiyo majibu ya mtu hayaingii kwa jirani yake.

Jambo la pili ni maneno yana maana gani. Hospitali moja huandika "kundi la damu", nyingine "BG", nyingine "grupu". Binadamu anaelewa, mashine haielewi. Kwa hiyo mwaka 1994 Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, ile ile ambayo wataalamu wake walikuja kusaidia Mosoriot, ilianzisha orodha ya majina ya vipimo iitwayo LOINC. Ni kama kitabu kimoja cha nyimbo kwa maabara zote. Katika orodha hiyo kundi la damu la ABO ni namba 883-9, na Rhesus ni namba 10331-7, iwe ni Kapsabet, Kigali au Chicago. Kwa majina ya magonjwa liko pia daftari la Shirika la Afya Duniani, ICD, ambalo toleo lake la 11 lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022.

Hata vipimo vyenyewe vinatakiwa kutajwa kwa mizani moja. Sukari ya damu ikiandikwa 6 kwa mizani tunayoizoea Kenya, mizani ya Marekani huiandika 108. Ni sukari ile ile. Sasa mtu akipokea namba tupu bila mizani yake, anaweza kuogopa bure, au vibaya zaidi, akatulia mahali pa hatari.

Jambo la tatu ni barua inafungwaje. Ukituma kifurushi kwa basi bila kuandika kimetoka kwa nani, kinakwenda kwa nani na ndani kuna nini, kitabaki stendi. Mashine nazo zina taratibu zao za kufunga kifurushi. Shirika liitwalo HL7 lilianzishwa Marekani mwaka 1987 kwa kazi hiyo. Mwaka 2011 Mwaustralia mmoja, Grahame Grieve, alianza kuandika utaratibu mwepesi zaidi, ambao uliitwa FHIR. Huo hugawa habari katika vifungu vidogo: mgonjwa, kipimo, dawa, mzio, chanjo. Hospitali inayopokea yaweza kuomba kifungu kimoja tu inachohitaji, bila kubeba faili zima.

Sasa turudi kwa dada yetu. Kliniki ilikuwa na mashine, hospitali ilikuwa na mashine. Hapakuwa na namba moja ya kumtambulisha, wala njia ya kutuma kifurushi. Kila moja ilikuwa kisima chenye maji, lakini bila kamba.

Na siri zetu je?

Mama mmoja pale Mosoriot alituuliza jambo la haki. Habari zikianza kutembea, si zitamfikia na shemeji anayefanya kazi ofisini? Wanawake wengi wameficha kadi chini ya godoro kwa kuogopa maneno ya watu. Wako walioacha dawa kwa sababu hiyo, na wengine wakafa.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, zenye kulindwa kuliko habari za kawaida. Inampa mtu haki ya kujulishwa matumizi ya habari zake, kuziona, na kuomba kilichokosewa kisahihishwe. Mwezi wa Oktoba 2023 ilitiwa sahihi pia Sheria ya Afya ya Kidijitali, inayohusu namna hospitali zinavyotunza na kupashana habari za wagonjwa. Mfumo mzuri humpa kila mtumishi jina lake la kuingilia, na huweka alama ya kila aliyefungua faili. Daftari la zamani lililoachwa juu ya meza halikuweza kusema ni nani aliyelifunua.

Lakini sheria na mashine haziwezi kufunga mdomo. Sisi wauguzi tulio wanawake wa kanisa, tukisoma siri ya mtu asubuhi na kuitoa jioni kama ombi la maombi mbele ya kikundi, tumemdhulumu. Ni dhambi hata kama tumeifunika kwa maneno matakatifu.

Mambo ya kufanya nyumbani

Wapenzi akina mama, hatuwezi sote kutengeneza programu. Lakini yako mambo yaliyo mikononi mwetu.

1. Chagua majina yako kama yalivyo katika kitambulisho, uyataje kwa mpangilio ule ule kila unapokwenda kutibiwa. Ukiwa umebadilisha jina baada ya ndoa, sema, "Zamani niliandikwa hivi."

2. Tunza kijitabu cha mama na mtoto. Kifunike kisipate maji, na ukisafiri kwenda kujifungulia kwenu, kiwe cha kwanza mfukoni. Kompyuta haijakiondolea kazi.

3. Jua mambo manne kwa kichwa: kundi lako la damu pamoja na Rhesus, dawa inayokudhuru, ugonjwa unaoutibu, na dawa unazomeza. Mfundishe mumeo, au mtu mzima mmoja wa nyumbani, ayajue pia. Siku ya kifafa cha mimba hutaweza kusema.

4. Usiondoke hospitalini kabla ya kuuliza, "Majibu yangu yametoka? Yanasemaje?" Kuuliza si utovu wa adabu. Majibu ni yako.

5. Ukihamishiwa hospitali nyingine, omba barua ya rufaa iliyoandikwa vizuri, hata ukiambiwa kila kitu kimo kwenye mashine.

6. Ukiwa mjumbe wa kamati ya kituo cha afya au bodi ya hospitali ya kanisa, na mtu akaja kuuza programu, mwulize: "Je, hii inaweza kutuma habari kwa hospitali ya rufaa, na ikaeleweka? Inatumia orodha gani ya vipimo? Tukiiacha kesho, tutaondoka na kumbukumbu zetu?" Akijibu kwa kuzunguka, msitie sahihi.

Majina yaliyotafutwa yasionekane

Katika matatu ya kurudi Nakuru tulikumbushana habari iliyomo katika kitabu cha Ezra. Watu waliporudi kutoka uhamishoni, jamaa fulani za makuhani zilitafuta majina yao katika orodha za ukoo, wala hazikuyaona, nazo zikawekwa kando zisihudumu. Hakuna aliyesema hawakuwa watoto wa baba yao. Ila hapakuwa na maandishi ya kuwashuhudia. Tangu zamani hizo, kukosekana kwa mstari mmoja katika kitabu kumemzuia mtu kupata kilicho chake.

Mungu wetu hahitaji rejista ili atujue. Sisi wanadamu ndio tunaozihitaji, kwa sababu tunasahau, tunachoka zamu ya usiku, na tunakutana na mgonjwa tusiyemfahamu. Kuandika vizuri na kutuma vizuri ni namna ya kumpenda jirani ambaye bado hatujamwona.

Tangu tuliporudi tumeanza jambo dogo. Jumapili ya pili ya kila mwezi, baada ya ibada, akina mama wajawazito huja na vijitabu vyao katika chumba cha shule ya Jumapili. Tunakaa na kila mmoja peke yake, tunafungua ukurasa wa damu, na palipo wazi tunamwelekeza kwenye maabara. Mwenye Rhesus hasi tunamweleza habari za sindano ile na zile saa 72, naye hutueleza tena kwa maneno yake mpaka turidhike kwamba ameshika. Aliyejitolea kuandaa chai siku ya kwanza ni yule dada yetu.